Athens Ilimkagua Kila Mwenye Cheo

Athens ya kale inapotajwa kuwa chimbuko la demokrasia, sifa huenda kwenye kura na hotuba. Naamini fahari yake kubwa zaidi ilikuwa utaratibu wa kumdai kila mwenye cheo hesabu amalizapo muda wake. Katika karne ya 4 KK, aliyeshika wadhifa wa umma alikabidhi hesabu zake kwa wakaguzi 10 waliopatikana kwa bahati nasibu, hivyo hakuna mkubwa aliyeweza kujichagulia mkaguzi. Hata ambaye hakugusa fedha za umma alipaswa kutamka hivyo kwa maandishi. Kabla ya kukaguliwa hakuruhusiwa kusafiri nje wala kuandika wosia, mali isije ikatoroshwa kabla ya deni kujulikana. Kisha raia yeyote aliweza kulalamikia mwenendo wake. Kwa kuwa ukaguzi ulimhusu kila mtu, haukusubiri kashfa, na kuitwa kukaguliwa hakukuwa aibu.

Roma ilishika njia nyingine. Ofisa wa juu hakushtakiwa akiwa madarakani, na akishatoka, kesi ilingoja ajitokeze mshtaki jasiri. Gavana Verres aliipora Sicily kuanzia mwaka 73 hadi 71 KK. Ilibidi wakili Cicero aende kisiwani kukusanya ushahidi, kisha asimame mbele ya mahakama ya maseneta watupu, watu wa tabaka la mshtakiwa. Verres alikimbilia uhamishoni, lakini Sicily ilikuwa imeshaumia. Mfumo wa namna hiyo humfanya kiongozi aogope kuondoka. Mwandishi Suetonius anasimulia kwamba seneta Cato aliapa kumshtaki jemadari Julius Caesar mara atakapoachana na jeshi lake. Mwaka 49 KK Caesar alivuka mto Rubicon pamoja na jeshi hilo, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, na jamhuri haikusimama tena. Sababu za vita vile ni nyingi, lakini kinga iliyokoma pamoja na cheo ilikuwa mojawapo.

Wapo watakaosema kwamba Athens iliwanyima wanawake, watumwa na wageni sauti. Ni kweli, na ulikuwa udhalimu. Dawa yake ni kuwapa wote haki ya kudai hesabu, si kuifuta haki yenyewe. Wengine watataja mwaka 406 KK, umma ulipowaua majemadari 6 walioshinda vita vya Arginusae, kwa kosa la kutowaokoa mabaharia baada ya pigano. Lakini siku ile utaratibu ulikiukwa: majemadari walihukumiwa wote kwa kura moja badala ya kila mmoja kusikilizwa peke yake, na mwanafalsafa Socrates, aliyekuwa zamu barazani, alikataa kushiriki. Kosa lile linatufundisha kuulinda utaratibu dhidi ya hasira za umati. Cheo ni dhamana, na dhamana isiyokaguliwa hugeuka mali ya aliyeishika. Kwa hiyo taifa linalojiita la kidemokrasia lianze kwa kuandika katika sheria siku ya hesabu ya kila kiongozi, hata yule linayempenda.