Mulongo Si Mpira: Saa ya Michezo Katika Shule za Lubumbashi

Piteni siku yoyote ya kazi karibu na shule ya msingi ya mji wetu, iwe ya Katuba, Kenya, Ruashi ao Kampemba, saa darasa limetoka nje kwa michezo. Mara nyingi mtakuta watoto 50 wamepiga mulongo, mpira mmoja mbele. Wa kwanza anaupiga hadi kwenye jiwe, anaurudisha, anampa mwenzake, kisha anakwenda kusimama nyuma kabisa. Wengine 49 wanatazama mgongo wa aliye mbele yao. Jua linachoma, vumbi linapanda, mwalimu anapuliza filimbi. Kisha katika daftari la darasa inaandikwa kwamba somo la mpira limefanyika.

Halijafanyika. Tufanye hesabu pamoja, hesabu ya darasa la tatu tu. Tuseme somo ni dakika 40. Ondoa dakika 10 za kutoka nje, kupanga mulongo na kugombeza wanaosukumana. Zinabaki dakika 30, yaani sekunde 1,800. Gawanya kwa watoto 50: kila mmoja anapata sekunde 36 na mpira. Na hapo sijahesabu mpira ukiruka ng'ambo ya ukuta, na wote tunajua unaruka.

Sasa chukua watoto hao hao, uwagawe 4 kwa 4 katika viwanja vidogo 5, kila kimoja hatua 20 kwa 15, magoli ya mawe mawili. Wanaocheza ni 40. Wale 10 wanaobaki ni waamuzi, wawili kila kiwanja, na wanapokezana na wenzao. Wacheze dakika 20 tu. Mipira 5 mara dakika 20 ni dakika 100, na kwa watoto 50 kila mmoja anapata dakika 2 za mpira. Ni zaidi ya mara tatu ya ule mulongo. Na asiye na mpira hasimami kama mti: anakimbia, anakaba, anaita, anatafuta nafasi.

Najua jibu la wazee wa kiwanja. Watasema mtoto ajue kwanza kupiga na kupokea mpira, kucheza kutakuja kisha. Jibu hilo linasikika vizuri, lakini tuliangalie. Ukimpigia mwenzako mpira akiwa amesimama mbele yako, hakuna anayekuja kuuchukua, hakuna wa kukudanganya, unajifunza nini? Unajifunza kupiga mpira kwa mtu aliyesimama. Katika mechi mtu huyo hayuko. Kazi ngumu ya mpira iko kabla ya mguu kugusa: kuona nani yuko huru, nani anakuja nyuma yako, upige sasa ao ungoje kidogo. Mulongo haufundishi hayo hata ukikaa ndani yake miaka sita.

Wala si mawazo yangu peke yangu. Mwaka 1982 walimu wawili wa Chuo cha Loughborough kule Uingereza, David Bunker na Rod Thorpe, waliandika kwamba wanafunzi waliofundishwa ufundi kipande kwa kipande walikuwa hawajui kucheza mchezo wenyewe. Wakageuza somo: mchezo mdogo kwanza, kisha swali, kisha ufundi ule ambao mchezo umeonyesha unakosekana, kisha kurudi kwenye mchezo. Miaka zaidi ya 40 imepita. Huku kwetu bado tunapanga mulongo.

Kwa mwalimu anayesoma hapa, jambo hili si gumu kama linavyosikika. Watoto wadogo ukiwapa mpira wote wanaukimbilia kama nyuki. Usiwapigie kelele "Tawanyikeni!" mara mia. Simamisha mchezo, uulize: "Nani anaona mahali hakuna mtu?" Watanyosha vidole wenyewe. Kisha badilisha sheria: kila timu iwe na magoli mawili ya kushambulia, moja huku, lingine kule. Utaona wanaanza kugeuka na kubadilisha upande bila kuambiwa. Wakiwa wabinafsi, weka sheria kwamba goli halihesabiwi mpaka wote wanne wawe wamegusa mpira. Wakishindwa kupokea, waweke watatu kwa mmoja, watatu wauchunge, mmoja autafute, dakika tano tu, kisha warudi mchezoni. Hapo ufundi unafundishwa, na mtoto anajua kwa nini anaufundishwa.

Kisingizio cha pili ni vifaa: hakuna mipira. Ni kweli shule nyingi zina mmoja, tena umefungiwa katika ofisi ya direkta kama mali ya benki. Lakini nani katika mji huu hajui kufunga mpira wa nguo na kamba? Wape watoto juma moja, watakuletea 10. Mpira wa nguo haurukiruki, hauendi mbali, na kwa kiwanja cha hatua 20 unafaa kabisa. Uleule wa ngozi utumike kwenye kiwanja kimoja, kwa zamu.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mji huu ungepaswa kuwa mwalimu wa wengine. TP Mazembe haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1939 ilianzia kwa Wabenediktini walioongoza Institut Saint-Boniface hapa Élisabethville ya wakati ule, kati ya vijana wa shule na maskauti, wakaiita Saint-Georges. Ni timu ya watoto wa shule ambayo kisha ilibeba kombe la Afrika mwaka 1967 na 1968, ikarudia 2009, 2010 na 2015, na Desemba 2010 ikafika fainali ya dunia ya vilabu mbele ya Inter Milan kule Abu Dhabi. Kila mtoto aliyeona mechi zile alirudi nyumbani anaruka kwa matako kama Kidiaba. Nani alimpigia mulongo kumfundisha? Aliona, akacheza, akajua.

Leo tunajivunia Akademi ya Katumbi iliyofunguliwa 2012, na tuna haki. Lakini akademi inachagua. Inachukua wachache wenye kipaji kilichokwisha kuonekana, na ndiyo kazi yake. Hata mashindano ya shule ya CAF, yaliyozinduliwa Kinshasa Februari 2022, yanachukua walio bora wa kila shule. Na yule mtoto wa benchi la nyuma, mzito kidogo, mwenye haya? Yeye ana shule tu. Saa ile moja ya michezo ndiyo akademi yake, na tunampa sekunde 36.

Wasichana nao mara nyingi hata hizo hawazipati. Wanatumwa pembeni kucheza nzango wakati wavulana "wanafundishwa". Nzango yenyewe ni hazina: miguu myepesi, kumsoma aliye mbele yako, kuamua kwa nusu sekunde. Mwalimu mwenye akili angeanza nayo somo la mpira kwa darasa zima, wavulana pia. Tukumbushane kwamba Novemba 2024 ni wanawake wa Mazembe waliobeba kombe la mabingwa wa Afrika, kwa kuishinda AS FAR ya Moroko 1-0.

Wazazi nao nina neno nao. Nimechoka kusikia: "Miye nalipa makuta juu mutoto asome, haiko juu acheze." Mama, baba, mtoto anayehesabu wangapi wako mbele yake na wangapi nyuma, kisha anaamua, anasoma. Msiulize kwa nini anacheza. Ulizeni kwa nini amesimama.

Lakini njia hii inahitaji uwanja, na hapo ndipo vita vya kweli vipo. Viwanja vya shule vinaliwa. Leo duka moja kwenye ukuta wa barabarani, kesho depo ya vinywaji, kesho kutwa mtu anakuja na karatasi anasema nusu ya uwanja ni yake. Tangu elimu ya msingi ya bure ya Septemba 2019 watoto wameongezeka, ardhi ya kuchezea inapungua. Viwanja vitano vidogo ninavyovisema vinahitaji kama metre 50 kwa 35 pamoja na njia. Shule isiyokuwa na hizo kesho itasema mulongo ni lazima, na itakuwa na haki.

Kwa hiyo ninauliza divisheni ya elimu ya Haut-Katanga: inspekta akienda shuleni anaangalia daftari la somo la Kifaransa na la hesabu, saa ya michezo anaiangalia nani? Na kamati za wazazi, mkutano ujao wa shule usiishe bila direkta kuonyesha mipaka ya uwanja na karatasi zake. Kisha siku moja mama mmoja ao baba mmoja asimame kwenye ukuta na saa mkononi, achague mtoto mmoja, ahesabu ameugusa mpira mara ngapi. Tuandikieni namba hiyo na jina la komini. Tutaitangaza hapa.