Chupa Yako ya Kitengela Inaenda Kuvuliwa Malindi

Wasee wa Kitengela, leo nataka tuongee kuhusu samaki. Najua mnasema, "Sisi na uvuvi wapi na wapi? Huku ni mbuzi choma bana." Tulieni kidogo.

Desemba nilishuka Malindi. Asubuhi moja nikaenda ufuo wa Sabaki, kaskazini mwa mji, nikampata mzee mmoja amesimama kwenye maji ya magotini. Hana mashua wala fimbo ya kuvulia. Ana mshipi wa nailoni uliozungushwa kwenye kipande cha ubao, ndoana, kipande cha risasi cha kuuzamisha na kamba wachache wa chambo. Anauzungusha juu ya kichwa, anarusha mbali, halafu anatulia na nailoni kwenye kidole. Kidole ndicho kinasikia samaki akidonoa.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwanangu. Watoka wapi?"
"Kitengela, karibu na Mto Athi."
Akacheka. "Basi wewe si mgeni. Maji haya ni yenu."

Manze, nilinyamaza. Kumbe ni ukweli. Mto Kitengela unaingia Athi. Athi unazunguka Ol Donyo Sabuk, unakata Tsavo, unaitwa Galana, na ukikaribia bahari unaitwa Sabaki. Ni mto mmoja, wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana. Mvua ikinyesha huku bara, bahari ya Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa. Huo ni udongo wetu.

Na si udongo peke yake. Mzee alinieleza kwamba yeye huvua maji yakianza kujaa, kwa sababu samaki huyafuata hadi karibu na ufuo kutafuta chakula. Upepo wa kusi ukichafua bahari na vyombo vidogo vishindwe kutoka, mshipi wa ufuoni ndio huleta mboga nyumbani. Lakini siku hiyo, mara ya kwanza mshipi ulipovuta, tulitoa karatasi ya plastiki. Mara ya pili, gunia. Mara ya tatu ndoana ikanasa kwenye takataka chini, ikakatika, akafunga nyingine. Saa mbili nzima, hongwe watatu tu.

Siwezi kuapa kwamba gunia lile lilitoka kwetu. Mto unapita kwa watu wengi, na Nairobi pia inamwaga yake mle. Lakini tuache kujifanya. Sote tunawajua wale wanaongoja mvua kubwa ndio watoe taka nje, maji yazibebe. Na mwaka wa 2024 mafuriko yalipotuingilia nyumbani, tulilia kuhusu mitaro iliyoziba. Ni nani aliyeiziba?

Mtaniambia gari la taka haliji. Ni kweli, na hapo lazima tuisumbue kaunti, kila wiki, bila kuchoka. Karatasi za kubebea vitu zilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini sheria haiokoti chupa. Gari kuchelewa hakukupi ruhusa ya kumtumia taka mtu asiyekujua.

Maoni yangu ni haya: kuvua ukiwa umesimama mchangani au juu ya mwamba ndio uvuvi wa mtu asiye na mtaji. Hauhitaji injini wala petroli. Unahitaji mshipi, subira na maji safi. Mshipi anao, subira anayo. Maji safi ndiyo sisi tunayomnyima.

Kwa hivyo mkienda Kosti likizo hii, msipige picha tu. Tafuteni viongozi wa ufuo, muulize ni wapi panaruhusiwa, mrushe mshipi asubuhi moja. Mtaelewa.

Na kabla ya kusafiri, ile taka ya mlangoni ifungeni vizuri. Kuna mzee amesimama mwisho wa mto, na kidole chake kiko kwenye nailoni.