Ludo ni bahati? Hesabu kwanza jamani

Kwa wasiojua, niko Ujiji kwenye BTP, nafundisha hisabati kidato cha nne. Leo umeme upo, acha niandike.

Kuna ubishi hapa tunapoishi walimu wanafunzi wanne. Jamaa yetu wa Fizikia (wa Fizikia, fikiria!) anasema mtu anayepiga hesabu kwenye mchezo wa dadu anawaharibia wenzake starehe. Tupa, sogeza kete, cheka, basi. Mi nakataa, na sababu ninazo.

Ludo ya huku ni ya dadu mbili. Nenda Kibirizi au Katonga siku za mwezi mpevu uone. Dagaa wanavuliwa kwa taa gizani, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika na ubao unatoka. Na mwaka 2024 ziwa lilipofungwa Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, muda wa ludo ulikuwa wa kumwaga.

Haya, kete haitoki nyumbani bila sita. Dadu mbili zina matokeo 36, na yenye sita ni 11. Siyo 12, maana sita-sita huihesabu mara mbili. Kwa hiyo kila zamu una chini kidogo ya theluthi. Mtu akikaa zamu tatu bila kutoka anaanza kusema amerogwa. Ndugu yangu, hujarogwa, hiyo inampata karibu mmoja kati ya watatu!

Utamu wenyewe uko kwenye kuliwa. Adui yuko nyuma yako hatua 6. Anakula kwa sita ya dadu moja, au kwa jumla: 1 na 5, 2 na 4, 3 na 3. Ukihesabu zote ni njia 16 kati ya 36. Sasa wewe sogea hatua moja tu mbele, uwe mbali naye hatua 7. Hakuna dadu yenye saba, kwa hiyo imebaki jumla peke yake, njia 6. (Naiacha kwanza ile sheria ya kurudia ukipata sita, kila kijiwe kina ya kwake.) Hatua moja imekutoa asilimia 44 mpaka kama 17. Wazee wanaocheza vizuri huwaoni wanasimama sita mbele ya mtu hivi hivi. Hawajaandika popote, lakini wameshahesabu kwa miaka. Sasa nani anaharibu starehe hapo?

Jamaa akaniletea mfano wa Dungeons & Dragons, ule mchezo wa Marekani uliotoka mwaka 1974. Kila mchezaji anaunda mhusika wake, nguvu kiasi gani, akili kiasi gani, halafu dadu inaamua kama upanga umempata adui. Kuna dadu ya pande 20. Wenzetu wana programu za kukokotoa kila kitu, AnyDice mojawapo. Kwa mfano sheria za mwaka 2014 zinasema ukiwa na upendeleo unatupa ile ya pande 20 mara mbili na kuchukua kubwa. Ukihitaji 11 au zaidi, nafasi yako inatoka asilimia 50 mpaka 75. Ukihitaji 20 kamili, inatoka 5 mpaka 9.75 tu. Mtu anayejua hilo anajua upendeleo autumie wapi. Nakubali kitu kimoja: mchezo ule nusu yake ni hadithi, na kama wote mezani wamechonga shujaa yule yule kwa sababu programu imesema, hadithi imekufa. Hapo jamaa kapata pointi. Ila ludo ina hadithi gani? Na bao je, ambalo halina dadu kabisa na kila kete iko wazi, si ni hesabu tupu na bado watu wanapiga kelele mpaka usiku?

Kinachoniuma ni darasani. Uwezekano uko kwenye silabasi ya kidato cha nne, na mfano ni ule ule: mfuko wenye mipira myekundu na mieupe. Nani Ujiji amewahi kuona huo mfuko? Nikaomba kuingia na dadu. Mkubwa mmoja akaniambia hapana, ni kamari. Lakini elimu hii yenyewe ilikua kwa watu wa dadu, mwaka 1654 Pascal na Fermat waliandikiana barua juu ya maswali ya mchezaji. Na kamari halisi wanafunzi wanaijua tayari: dubwi linameza sarafu zao za mia mbili, na kaka zao wanasuka mikeka.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza mkeka wa mechi kumi "unapitaje". Tukakokotoa pamoja nje ya darasa. Hata kama kila mechi una uhakika wa asilimia 70, ambao huna, zote kumi zinapita kwa asilimia 2.8. Akanyamaza, akaniomba nirudie. Nikarudia. Kisha akauliza ya mechi tatu, tukapata 34.3, akasema, "Mwalimu, na hiyo bado ni kuliwa."

Nimemwandikia mkubwa ombi la pili, safari hii nimeandika "vijiti vyenye namba 1 hadi 6". Jibu nasubiri.