Manyoya ya ndege ya pori yasiingie ndani ya depo yetu



Mwezi uliopita, mama mmoja wa koperative yetu alileta kwenye depo mfuko mdogo wa plastiki. Ndani hakukuwa kahawa wala maharagi. Yalikuwa manyoya mekundu ya mkia wa kasuku. Aliomba jambo dogo tu: mfuko upande gari pamoja na magunia ya kahawa mpaka mjini. Mtu fulani alimwambia kwamba kuna wazungu wananunua manyoya kwa kuvulia samaki. Mama alitafuta feza za masomo ya watoto.

Kamati iligawanyika. Wengine walisema: manyoya yalianguka yenyewe, hakuna ndege aliyekufa, tumsaidie mama. Mimi nilikataa. Naandika ili niseme sababu, maana kesho mfuko kama ule unaweza kufika kwenu pia.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Huko Ulaya na Marekani kuna wavuvi wasiotumia mnyoo. Wanafunga manyoya juu ya ndoano kwa uzi, kidogo kidogo, mpaka ndoano inafanana na mdudu. Samaki anaona mdudu, anameza ndoano. Wengine wanafunga chambo hizo kwa uzuri tu, haziingii hata ndani ya maji, na hao ndio wanatafuta manyoya ya ndege wa shida kupatikana. Tamaa hiyo inaweza kumfikisha mtu mbali. Mwaka 2009, kijana mmoja alivunja dirisha la nyumba ya makumbusho kule Tring, Uingereza, akaiba ngozi 299 za ndege wa zamani, akaziuza kwa watu wa kufunga chambo. Polisi walimfikia, na alipita mbele ya korti.

Sasa tuje kwetu. Congo iko na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982 juu ya uwindaji. Kiisha kuna sheria namba 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 juu ya kulinda maumbile. Kwa kifupi: kuwinda kunaomba ruhusa, na viumbe vinavyolindwa ni makosa kuviua, kuvikamata, kuviweka ao kuviuza, pamoja na sehemu za mwili wao. Unyoya ni sehemu ya mwili. Ndani ya parki kama Virunga ao Kahuzi-Biega ni mbaya zaidi: pale hapana kutoa kitu.

Kwa mambo ya kuvuka mpaka, tangu mwaka 1976 Congo iko ndani ya mapatano ya mataifa yanayoitwa CITES. Tangu tarehe 2 mwezi wa kwanza 2017, mapatano hayo yalimweka kasuku wetu wa kijivu kwenye orodha ya kwanza, ile ya viumbe vyenye hatari ya kuisha. Nchi za Ulaya na Marekani haziruhusu biashara ya kasuku aliyetoka porini, wala ya manyoya yake. Na Marekani iko na sheria ya zamani, ya mwaka 1900, ambayo leo inamhukumu pia mtu anayeingiza nyama ya pori iliyopatikana kwa kuvunja sheria ya nchi ilikotoka. Ni kusema: kosa la kijijini kwetu linasafiri pamoja na mfuko.

Najua jibu lenu: « Lakini niliokota tu. » Jibu hilo lina nguvu, na silidharau. Kasuku wanalala wengi pamoja kwenye miti ileile, na chini ya miti ile manyoya yanaanguka kweli. Mama yetu alisema vijana waliyaokota pale, naye akayanunua kwao. Siwezi kumuita muongo. Lakini tulihesabu manyoya yake: yalikuwa 96. Mkia wa kasuku mmoja una manyoya 12. Ni sawa na mikia minane. Je, vijana waliokota moja moja siku nyingi, ao walitega ndege wanane? Mama hajui. Mimi sijui. Mtu wa duane naye hatajua, kwani unyoya ulioanguka na unyoya uliong'olewa, ukiwa ndani ya mfuko, ni sura moja.

Ndiyo sababu hata sheria za wenzetu hazipokei neno « niliokota ». Kule Marekani, sheria ya mwaka 1918 juu ya ndege wanaohama inakataza mtu kuweka hata unyoya mmoja aliouokota njiani, kama ndege ule analindwa na hana ruhusa. Manyoya ya bata na mabata bukini waliowindwa kwa haki yanaruhusiwa, na sheria inataja wazi kabisa chambo za kuvulia samaki. Lakini mlango ule ni mwembamba. Kama wangeufungua kwa kila mwenye kusema aliokota, kila mtegaji angesema vile.

Na bei njo inaleta mtegaji. Leo vijana wanaokota. Kesho mnunuzi anaomba mifuko mitatu, na chini ya mti manyoya hayatoshi tena. Ghana ilikuwa na kasuku wengi. Tangu miaka ya 1990 imepoteza zaidi ya asilimia 90 yao, kwa sababu ya kukamatwa na ya misitu kukatwa. Tusidhani kwamba msitu wetu hauna mwisho.

Kuna jambo lingine ambalo watu wengi hawalijui. Manyoya ambayo wavuvi hao wanatumia zaidi yanatoka kwa jogoo wa nyumbani! Kule León, kaskazini ya Hispania, wafugaji wa vijijini wanafuga majogoo kwa ajili ya manyoya ya kuvulia, na iko maandishi ya mwaka 1624 yanayoonyesha chambo za manyoya ya namna ile. Kule Marekani wafugaji walichagua mbegu ya majogoo miaka mingi mpaka wakapata manyoya marefu na membamba. Manyoya ya kanga wa kufugwa nayo yanatumika. Sisemi tuanze biashara hiyo: majogoo wetu si wa mbegu ile, na kupeleka manyoya inje kunaomba karatasi za veterinere. Nasema hivi: mvuvi wa kweli hana njaa ya manyoya. Mtu anayekuja mpaka kijijini kutafuta ndege ya pori, bila kuuliza karatasi hata moja, anajua anachofanya. Siku ya kukamatwa, yeye hatakuwa kwenye gari. Mfuko utakuwa katikati ya magunia yetu. Wataanza kuuliza juu ya kahawa yote, na jina lililoandikwa kwenye magunia ni la koperative.

Kwa hiyo naomba mambo matatu kwa baraza kuu linalokuja.

Moja: tuandike ndani ya kanuni zetu kwamba depo na gari la koperative havibebi manyoya, ngozi ao kitu chochote cha nyama ya pori, hata kama mwenyewe ni raisi wa kamati.

Mbili: biro ya mazingira na ICCN watuletee orodha ya ndege wanaolindwa, kwa Kiswahili na kwa picha. Sheria imeandikwa kwa Kifaransa, na mkulima anaijua siku ya kufungwa tu. Hiyo si haki. Mtu afundishwe mbele ya kuhukumiwa.

Tatu, na kwangu ndiyo kubwa: tusikatae halafu tukanyamaza. Mama yule alirudi nyumbani na mfuko wake, bila furaha, na ile feza ya masomo ilikuwa bado. Nilikuwa na haki ya kumkatalia, lakini usiku sikulala vizuri. Sanduku la AVEC liko kwa shida kama ile. Tungelifungua kwake mapema, asingelazimika kutafuta kasuku. Koperative inayokataa bila kusaidia inamtuma memba wake moja kwa moja kwa mchuuzi wa usiku.

Wenye mawazo tofauti, njooni kwenye baraza muyaseme. Nitasikiliza. Lakini mfuko ule, kama ukirudi kwenye depo, nitaukataa tena.

Memba wa kamati ya koperative