Usipa Mgonjwa Asipuuzwe

Pande zote mbili za Mto Songwe usipa huitwa usipa. Kasumulu, mahali ambapo barabara itokayo Mbeya huingia Malawi, jina hilo halihitaji mkalimani. Samaki huyo mdogo wa Ziwa Nyasa ni kitoweo cha watu wa kipato kidogo: hukaushwa juani, huuzwa kwa mafungu na husafiri mbali bila barafu. Kwa hiyo, jambo lolote limdhurulo si la mvuvi peke yake, bali ni la wananchi wote.

Jambo hilo lipo. Watafiti wamethibitisha kwamba usipa wa kaskazini mwa ziwa hushambuliwa na mnyoo ambaye wataalamu humwita Ligula intestinalis. Mayai yake huingia majini kwa kinyesi cha ndege. Yakianguliwa, vijinyoo humezwa na wadudu wadogo mno wa majini, nao huliwa na usipa. Ndani ya samaki mnyoo hukua, mweupe na bapa kama utepe, hata tumbo likavimba. Ndege mla samaki, kama vile mnandi, akimla usipa huyo, mnyoo hupevuka na kutaga, na mzunguko huanza upya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mnyoo hubadili hata mwenendo wa usipa, lakini baada tu ya kuwa tayari kumwingia ndege.

Hasara kubwa imo katika uzazi. Mnyoo huyo huzuia viungo vya uzazi visikue. Usipa aweza kuishi na kuogelea, lakini asizae. Na kwa kuwa maisha ya usipa ni mafupi, mavuno ya mwaka ujao hutegemea mazalia ya mwaka huu.

Yapo makosa mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kupuuza. La pili ni kueneza hofu. Mnyoo huyu hupevuka tumboni mwa ndege, si mwa binadamu. Usipa aliyepikwa akaiva vema hana sababu ya kukimbiwa. Uvumi utawanyima wachuuzi riziki na watoto lishe, wala hautamponya samaki hata mmoja.

Hapa ndipo ulipo wajibu wa watumishi wa umma. Mwalimu wa sayansi wa Kyela ana somo zima ndani ya tumbo la usipa mmoja, tena bila gharama. Ofisa uvuvi hana budi kuandika idadi ya usipa wagonjwa wanaoonekana mialoni, na kuwahimiza wavuvi wawafukie badala ya kuwatupa ufukweni ambako ndege wanangoja. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, ina kituo Kyela. Matokeo ya utafiti yawafikie wanavijiji kwa Kiswahili chepesi.

Aidha, Tanzania, Malawi na Msumbiji zibadilishane takwimu mara kwa mara. Ndege abebaye mayai ya mnyoo hasimami Kasumulu kugongewa muhuri.