MFUGAJI NA MIFUGO YAKE: Punda akigoma, mtazame kwanza

Ndugu msomaji, punda anatufanyia kazi nyingi. Anabeba maji, kuni na mahindi. Anavuta mkokoteni mpaka sokoni. Lakini sifa yake si nzuri. Akisimama njiani, tunasema ni mkaidi. Akipiga teke, tunasema hiyo ndiyo asante yake. Kisha tunashika fimbo.

Je, ni kweli kwamba punda ni mkaidi? Wataalamu wa wanyama wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Wao wanasema kwamba punda akisimama, ana sababu. Mfugaji asiyeijua sababu hiyo anaweza kumpoteza punda wake.

Ndugu zake punda

Punda, farasi na punda milia ni wa ukoo mmoja. Lakini hawaishi kwa namna moja.

Katika miaka ya 1960, mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Hans Klingel aliwachunguza punda milia wa Ngorongoro. Punda milia hutambulika mmoja mmoja kwa mistari yao, maana hakuna wawili wenye mistari iliyo sawa kabisa. Klingel aliona kwamba wanyama hao wanaishi kwa familia. Dume mmoja hukaa na majike kadhaa na watoto wao. Majike hao hukaa pamoja kwa miaka mingi. Farasi nao huishi hivyo. Hatari ikitokea, hukimbia pamoja.

Katika miaka ya 1970, Klingel aliwachunguza pia punda pori katika jangwa la Danakil, nchini Ethiopia. Huko alikuta desturi nyingine. Jangwani majani ni machache, nayo yako mbalimbali. Punda pori wakubwa hawana familia ya kudumu. Hukutana, kisha huachana. Dume hulinda eneo lake. Jike huonekana akiwa na mtoto wake tu.

Punda wetu wa nyumbani wametokana na punda pori wa Afrika. Mwaka 2022 watafiti walitoa taarifa baada ya kupima chembe za urithi za punda 207 wa nchi nyingi, pamoja na mifupa ya punda wa kale. Chembe za urithi ni zile ambazo mtoto huzipata kwa wazazi wake. Watafiti hao waligundua kwamba punda alianza kufugwa miaka 7,000 hivi iliyopita, hapa hapa Afrika ya Mashariki. Kutoka huku alienea duniani kote.

Kwa nini husimama?

Mnyama wa jangwani hana kundi kubwa la kumlinda. Tena hawezi kukimbia ovyo katika jua kali. Wataalamu wanaeleza kwamba ndiyo maana punda husimama kwanza. Husikiliza na kutazama. Kisha huamua kama atapita, atakimbia au atapigana kwa meno na mateke.

Punda wetu wamerithi tabia hiyo. Akifika kwenye daraja au mto asioujua, atasimama. Ukimpiga, hofu inazidi. Sasa anaogopa mto, na anakuogopa na wewe. Lakini akipewa nafasi ya kutazama, au akimwona punda mwenzake akivuka, mara nyingi naye atavuka.

Wakati mwingine husimama kwa sababu ya maumivu. Huenda kamba imemchuna kifuani, au kuna jiwe katika kwato.

Punda huficha ugonjwa

Hapa ndipo wafugaji wengi hupata hasara. Farasi akiumwa tumbo, mara nyingi hugaagaa na kutoa jasho. Punda anaweza kuumwa vivyo hivyo, lakini akasimama kimya tu. Mwenyewe akidhani amepumzika, kumbe anakufa.

Tena punda asiyekula yuko katika hatari kubwa. Mwili wake huanza kutumia mafuta uliyoyaweka akiba. Mafuta hayo yakijaa katika damu, huharibu ini, na punda anaweza kufa baada ya siku chache. Jike mwenye mimba na punda mnene wako katika hatari zaidi.

Hata kiu anaweza kuivumilia. Mtaalamu wa Kenya, G. M. O. Maloiy, alitoa taarifa ya uchunguzi wake mwaka 1970. Aliona kwamba punda anaweza kupoteza maji mpaka uzito wake ukapungua kwa asilimia 30. Ni kama punda wa kilo 150 kupungua kilo 45. Akipata maji, huweza kuyarudisha karibu yote kwa dakika chache. Lakini usiseme kwamba punda hana haja ya maji. Anavumilia, lakini anateseka, na kazi haiendi vizuri.

Kumbuka pia kwamba punda jike hubeba mimba kwa mwaka mmoja hivi, naye huzaa mtoto mmoja tu. Mtoto huyo hawezi kubeba mzigo mpaka akomae. Ukimpoteza punda mmoja leo, utangoja miaka kadhaa kumpata mwingine wa kazi kutoka katika zizi lako.

Mambo ya kufanya

1. Mtazame punda wako kila asubuhi kabla ya kumpa kazi. Je, amekula? Je, masikio yake yanacheza kama kawaida? Jua desturi yake akiwa mzima, ili utambue akibadilika.

2. Punda akikataa chakula, usingoje kesho. Mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo.

3. Akisimama njiani, weka fimbo chini. Tazama kwato, mgongo, kifua na kamba. Kisha tazama mbele yake. Anaogopa nini?

4. Mpe maji safi kila siku, na zaidi wakati wa kazi.

5. Usimtenge ghafla na mwenzake aliyemzoea. Punda wawili waliozoeana hushikamana sana. Mmoja akiondolewa, mwingine anaweza kuacha kula.

Ndugu mfugaji, punda hawezi kusema. Akisimama, ndipo anaposema. Anayemtazama atajua tatizo mapema. Anayempiga atalijua akiwa amechelewa.