Chombo Kilicholala Hakipimi Hewa

Ndugu Wafanyakazi,

Mfanyakazi akikosa kazini siku moja hukatwa mshahara. Je, chombo cha kupima hewa kikilala mwezi mzima, nani hukatwa? Ni sisi tunaovuta moshi wa Changamwe na Industrial Area.

Kanuni za Ubora wa Hewa zilitolewa hapa Kenya mwaka 2014. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba vumbi jembamba liingialo mapafuni lisizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka. Maneno mazuri, lakini kanuni bila kipimo ni mizani bila mawe.

Basi msidanganywe na wingi wa vyombo vilivyotundikwa ukutani. Ulizeni mambo matatu. Kwanza, vimefanya kazi saa ngapi? Sheria ya Ulaya ya 2008 ilitaka asilimia 90, na mwaka una saa 8,760. Pili, vimelinganishwa na chombo cha kuaminika? Vile vya bei nafuu hupima vumbi kwa mwanga, na asubuhi ya ukungu unyevu huvipotosha. Tatu, vimewekwa wapi: bustanini kwa wakubwa, au mlangoni pa kiwanda?

Tunadai majibu yabandikwe hadharani kila mwezi, pamoja na saa zilizopotea. Kimya cha chombo kisiitwe hewa safi.

Umoja ni Nguvu.